Mheshimiwa wa Gunia la Mchanga

Kaka yangu Elia, huko uliko Yei,

Jana dereva wa lori alisimama mbele ya duka langu hapa Arua, akasema, "Mwalimu Elia iko Yei. Iko muzima." Nikakaa chini palepale vumbini. Miaka mitano, kaka, tangu mwaka wa sabini na tatu. Jana nililala fofofo.

Unaikumbuka tamthilia yako ya wale watawala wa mashati meusi, wanaotaka kila raia apige kwata hata akienda chooni? Mimi ulinipa niigize Mheshimiwa, eti kwa sababu ya kitambi changu. Anauza kura yake kwa gunia la sukari, ambalo tulilijaza mchanga. Kila mazoezi ulinisimamisha: "Wewe napokea mbio sana. Kwanza angalia pembeni, kama mutu iko na aibu." Siku ya onyesho, askari waliokaa mstari wa mbele walicheka kuliko wote. Tukadhani tumepona.

Kesho yake mmoja wao alikuja nyumbani na sukari ya kweli, kilo mbili ndani ya karatasi. Unajua sukari ilivyokuwa imeadimika, mama ameshasahau chai tamu. "Ile mchezo iko muzuri," akasema kwa upole, bunduki begani. "Nani naandika?" Nikakutaja, kaka. Nikapokea, wala sikuangalia pembeni.

Alipoondoka ndipo akili iliponirudia. Nilikimbia hadi kwako Mvara, nikakukuta unasahihisha madaftari, nikakwambia upande lori la Koboko sasa hivi, uvuke mpaka pale Oraba. Ulinitazama mkononi, ukachukua koti. Ulipokwisha kwenda ndipo nilipoona kwamba nimekimbia na ile sukari njia nzima.

Tangu hapo sikujua kama nilikuokoa au nilikuua. Mama akiuliza, namwambia uko salama, nami roho inanisuta. Leo nimemwambia tena, na kwa mara ya kwanza sikudanganya.

Nilimuuliza dereva kama ulinitumia neno lolote. Akasema ulimwagiza hivi: "Mwambie mudogo yangu, mimi najua iko yeye alinitaja. Lakini iko yeye alikimbia kuniambia. Akuje. Mutoto yangu iko na jina yake."

Naja, kaka.

Mdogo wako, na somo wa mwanao,
Yona