Deo Huita, Mimi Hujibu

Jumamosi, 6 Julai

Nimepaka utomvu kwenye uta wa zeze asubuhi, kama kila siku ya harusi. Uzi wa zeze bado ni ule wa nyavu alioniletea kaka Deo kutoka Karema. Mke wangu, Mama Neema, anasema utakatika siku moja mbele ya bibi harusi nichekwe na mji mzima. Wacheke.

Harusi ilikuwa mtaa wa Shanwe. MC kafungulia spika hadi mabati yanatetema, halafu akamkumbuka "mzee wetu wa zeze". Nikapiga kama siku zote: majibu tu. Tangu utoto Deo alikuwa anaita kwa zeze lake, mimi najibu kwa langu. Wimbo mmoja, watu wawili. Mwaka juzi mtumbwi wake ulikutwa umepinduka ziwani. Yeye hakuonekana.

Watu wanadhani nimebaki na nusu ya wimbo. Hawajui kitu. Nikinyamaza, namsikia anaita. Sikio la kushoto, upande aliozoea kukaa. Ndipo najibu. Leo akina mama walicheza hadi wakavua viatu.

Jumapili, 7 Julai

Shemeji Restituta, mke wa Deo, kapiga simu kutoka Karema baada ya misa. Jambo ni lile lile. Kwetu mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, mwenzake wa karibu huenda kumwita ufukweni kwa wimbo wake. Asipojibu, matanga yanaanuliwa na mjane anavua kitambaa cheusi. Mwenzake ni mimi. Nimempiga chenga shemeji muda mrefu: mara mahindi, mara mgongo.

Leo hakulia. Alisema tu, "Shemeji, mpaka leo namwekea chakula. Nimechoka kumwaga ugali."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mwongo mkubwa mimi.

Lakini nikimwita asijibu, basi kafa. Na akishakufa, nani ataniitia? Sijawahi kuanza wimbo hata mmoja maishani. Bila Deo mimi ni mzee mwenye kibuyu na kijiti.

Jumatano, 10 Julai

Nilikuwa napukuchua mahindi uani. Zeze limetundikwa ndani. Deo akaita. Haijawahi kutokea nikiwa sina zeze mkononi. Tena aliita polepole, kama mtu mwenye baridi. Nikajibu kwa mluzi. Mama Neema akauliza namwita nani. Nikasema mbwa.

Hatuna mbwa.

Alhamisi, 11 Julai

Tena. Safari hii kwenye beseni, Mama Neema alipomimina maji ya kuoga. Sijaoga.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu. Harusi hapa hapa Kawajense, majirani wote wapo. Nikanyamaza, nikasubiri. Deo akaita, na wimbo siujui.

Nyimbo zote za Deo nazijua, hata zile za hovyo za kilabuni. Huu hakuwahi kuupiga akiwa nasi. Kajifunza huko aliko. Akaita tena. Ananingoja, na mimi sina jibu. Uta ukabaki hewani. MC akadhani naumwa, akawasha muziki wake. Nikaletewa kiti na soda.

Naogopa. Sitafuti neno jingine. Nahisi anataka nimfuate nikajifunze jibu lake.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Nimemweleza Mama Neema yote, pamoja na ya mbwa. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Kalitoa zeze ukutani, kalifunga kwenye kitenge chake kizuri, kaliweka mlangoni.

"Asiyekuwepo na lake halipo, Baba Neema. Nenda kamwite kaka yako. Yule mwanamke amengoja vya kutosha."

Nikasema mgongo. Akaendelea kufagia.

Jumanne, 16 Julai

Karema. Gari limetutikisa tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Zeze nimelipakata njia nzima.

Shemeji kakonda. Mezani sahani tatu: yangu, yake, ya Deo. Nimekula bila kuitazama ile ya tatu. Baadaye nikamsikia nje, anamwaga ugali.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi tulishuka ufukweni na wazee wa ukoo. Wavuvi walikuwa wanaanika dagaa. Nikasimama maji yakinigusa vidole vya miguu. Nikaliegemeza zeze kifuani.

Nikaita. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilianza mimi. Wimbo ule wa kwanza kabisa alionifundisha, wa kuchungia mbuzi. Nikanyamaza.

Maji tu.

Nikaita tena. Kuna mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye mtumbwi, akaacha. Maji tu.

Nikaita mara ya mwisho. Nilingoja sana. Niliomba uje hata ule wimbo nisioujua. Shemeji akaja akanishika bega.

"Kapumzika, shemeji. Na wewe pumzika."

Akavua kitambaa. Nywele zake zimejaa mvi, sikuwa najua. Nililia mbele ya wazee na wauza dagaa, wala sijali.

Mchana aliandaa sahani mbili.

Jumamosi, 27 Julai

Utomvu kwenye uta. Uzi ni ule ule, haujakatika. Tangu nirudi sijasikia kitu, wala uani wala kwenye beseni. Naoga kama watu.

Harusi Shanwe. Niliponyamazishiwa spika, nikaita mimi. Kisha nikatulia, mazoea. Sikio la kushoto, kimya. Wageni wakawa wananitazama.

Nikajijibu.