Hadi Ukuta wa Jiko

Jumatatu, 14 Julai
Nimempelekea Tabu uji. Mtani wangu, Mnyamwezi. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge, hakurudi kwao. Tabu mwenyewe miguu haimbebi tena. Nyumba yake iko nyuma ya yangu, hatua arobaini kwa kijia cha pembeni ya jiko langu. Kanitukana kama kawaida: "We Mzigua, uji huu au maji ya kuoshea vyombo?" Kamaliza wote.

Jumatano, 16 Julai
Matofali yameshushwa kwenye shamba la mahindi nililouza. Mnunuzi ni kijana wa Handeni. Ana adabu, shikamoo haimkauki. Mji umetufikia. Zamani hapa ulipita popote. Sasa kila mtu na ukuta wake, na hizo barabara mpya zinaishia mlangoni kwa watu.

Ijumaa, 18 Julai
Ukuta umefika jikoni kwangu. Kijia hakipo. Nimemfokea kijana. Kaleta karatasi ya mauziano: hadi ukuta wa jiko la muuzaji. Saini yangu mwenyewe, niliyofundishwa ngumbaru ukubwani. Kijia sikukitaja. Kwetu nani anauza kijia? Kilikuwa cha wote, sikuona cha kuandika. Kijana hana kosa. Mjinga mimi.
Pande nyingine zilishazibwa. Imebaki kuzunguka mbali na kuomba kupita uani kwa mwenye mbwa. Uji umefika baridi.

Jumapili, 20 Julai
Tabu kaamka anapumua kwa shida. Mwenye mbwa kasafiri, geti kalifunga. Tumeng'oa mlango wa nyumba yake, tukamlaza juu ya huo mlango, tukampitisha juu ya ukuta. Wanaume wanne huku, wanne kule. Anahema, bado anatukana: "Mzigua umenifanya robota la mkonge!" Watu wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 22 Julai
Mapafu. Hospitali wanasema atapona. Arudi apitie wapi? Mwenyekiti wa mtaa anasema tuandike barua, wapimaji waje. Lini? Hajui. Mwanangu anasema Tabu apelekwe kwa ndugu zake Tabora. Ndugu gani? Hajawahi kuwaona. Nimemwambia mwanangu anyamaze, akale.

Alhamisi, 24 Julai
Nimebomoa jiko. Alilijenga marehemu mume wangu, miti na udongo. Nimeanza peke yangu na shoka. Mwanangu kagoma. Kijana wa Handeni katoka na sululu yake, kaanza upande wa pili. Mchana tumemaliza. Nikamwita mwenyekiti aandike, kijana na mimi tukaweka saini: hapa ni njia, jeneza na wabebaji wake wapite bila kugusa ukuta. Safari hii nimetaja.

Jumamosi, 26 Julai
Tabu karudi. Bajaji imemfikisha mlangoni kwake. Kalala.
Napikia nje. Watu nisiowajua wanapita tangu asubuhi, wengine hata hawasalimii. Wapite tu.