Wanasesere wa Mwalimu Wetu

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka hapa Guangzhou. Mgongo unauma kwa kubeba mizigo, ila nakula na kulala. Mama yako kaniambia umepewa darasa la pili ulifundishe. Nimefurahi mno.

Unauliza kama uwaache watoto washike wale wanasesere wa Kirusi wanaoingiana mmoja ndani ya mwingine, au uwachoree tu ubaoni, wasije wakawavunja.

Mwalimu wetu wa kuchora alisoma Urusi, akarudi na wa kwake. Alitugawia, kila mtoto na wake. Mimi nilipata yule mdogo kabisa, asiyefunguka. Nikamwangusha, rangi ya shavu ikabanduka.

"Leo fimbo zako, wewe!" wenzangu wakashangilia.

Mwalimu alimwokota, akamgeuzageuza, akanirudishia. "Mchore hivyo hivyo alivyo."

Nilimchora na lile kovu lake. Sijawahi kukitazama kitu namna ile.

Shule niliiacha mapema, lakini yule mama mwalimu namheshimu mpaka leo. Nafunga mizigo kila siku, najua mtu anavyokionea uchungu kitu alichokitoa mbali. Lakini yeye wanasesere wake aliwatia mikononi mwetu.

Wape washike, mwalimu.

Ni mimi babu yako, ninayejivunia wewe.