Saa ya Kaka Yangu Niliyoizika Katika Chumvi

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada wako, mimi mkimbizi wa zamani kutoka ng'ambo ya ziwa, mwaka wa ishirini na saba sasa hapa Kabuta, kwa jambo ninaloona haya kumwambia hata padri. Kaka yangu Kabamba alikuwa mzamiaji wa bwawa la umeme kule Katanga, na mhandisi mmoja mzungu alipostaafu alimvulia saa yake ya kuzamia, saa ya fahari isiyo na betri, inayokwenda kwa mwendo wa mkono, na ndiyo mali pekee tuliyovuka nayo. Akiwa anakufa katika zahanati ya Kafutuma alinivisha saa hiyo nimtunzie mwanawe: "Umuchungie Eddy, mupaka akuwe mutu muzima." Eddy alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Niliivaa miaka yote hiyo bila kuifungua, kwa kuwa usoni imeandikwa mita mia mbili nami niliyaamini maandishi hayo kama Injili, hadi mwezi wa nane nilipoingia majini mpaka kifuani kunasua wavu, nikaona ukungu chini ya kioo, nikafanya kama tunavyofanya hapa tukitaka kutoa maji: nikalegeza kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, nikaizika siku tatu katika chumvi ya kukaushia samaki. Nilipoitoa, mshale wa sekunde ulikuwa umesimama.

Boyd, fundi wa sokoni Nchelenge, aliifungua akacheka, akaniita babu kwa lugha ya hapa. "Ba shikulu, hii ni saa ao ni samaki ya chumvi?" Magurudumu yameliwa na kutu. Vipuri vyatoka kiwandani tu, kwa bei ya injini mpya ya mtumbwi. Boyd anataka kuingiza mashine ya betri, bei ya sahani ya ubwali, ugali wa hapa. "Kwa inje ni ileile. Ule kijana hatajua." Eddy, ambaye sasa yuko Lubumbashi, anaoa, anakuja Pasaka kuichukua. Je, ninyamaze?

Mzee wa Kabuta

Mzee wangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa nisikilize.

Mita mia mbili ni ahadi ya mipira iliyokuwa mipya siku saa ilipotoka kiwandani. Mipira hukauka. Mtumbwi unauziba kila mwaka, saa ukaiachia robo karne! Na maji ya ziwa letu ni matamu, yasingeiua kwa siku moja. Chumvi umeitia wewe. Samaki hukaushwa akiwa amekwisha kufa, Mzee. Saa ilikuwa ingali hai.

Mashine ya betri ikatae. Eddy hamkumbuki baba yake. Ile mashine ilisukumwa na mkono wa baba yake, kisha na wako. Ukiitoa, unampa ganda. Na betri itakapokwisha, fundi wa Lubumbashi ataifungua mbele yake, naye atakupoteza na wewe pia, baba yake mdogo.

Leo hii nenda kwa Boyd. Afute chumvi, atie mafuta, akurudishie kila gurudumu na kila skrubu katika kichupa kikavu. Asiing'arishe: mikwaruzo ile ni ya kaka yako. Kisha mpigie Eddy, usingoje Pasaka. Usimwambie "imeharibika". Sema "nimeiharibu". Kuitengeneza polepole, au kuivaa harusini ikiwa imesimama, ataamua mwenyewe.

Kaka yako alikuambia umchungie saa mpaka awe mtu mzima. Basi amekuwa. Mwambie kama mtu mzima.