Nilisema Pigo Lile ni Langu

Mpendwa Ssenga Nabirye, shangazi yetu wa ushauri, naomba unisaidie, maana kuna jambo nimelifanya mbele ya watu wengi na sijui nilirekebishe vipi, au kama limeshapita niliache.

Naitwa Parag, nina miaka ishirini na saba, familia yetu ina duka la vifaa vya ujenzi hapa Jinja, na tangu nikiwa shule napenda muziki wa roki kuliko kitu chochote, ukiniuliza wapiga gitaa walionijenga nitakutajia bila kupumua: Hendrix, Page, Iommi, Santana, Gilmour. Nilipopata gitaa la kwanza nikiwa na miaka kumi na minne sikujua hata kukaza nyuzi, ila palikuwa na askari magereza, Afande Herbert, aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kila Jumapili, siku moja akaja dukani kununua misumari akanikuta nahangaika nalo nyuma ya kaunta, akasema, "Kijana, mkono yako iko na haraka sana. Lete hapa." Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi baada ya zamu, miaka sita, mama akimpa chai na chapati, mpaka alipostaafu akarudi kwao Busiu, karibu na Mbale, kulima mahindi.

Afande ana namna yake ya kupiga, dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama vile kuna mtu wa pili anayepiga besi, huku vidole vingine vinaimba. Nami nikalichukua pigo hilo nikalitia kwenye roki, kwa sauti kubwa yenye mikwaruzo, na ndilo linalofanya watu waijue bendi yetu.

Mwezi uliopita redio moja ilinialika nizungumzie wapiga gitaa walionijenga, nikafurahi, nikampigia Afande mwenyewe nikamwambia asikose kusikiliza saa kumi jioni. Nikawataja wale watano, na kweli nawapenda. Kisha mtangazaji, Shallon, akauliza, "Na hili pigo la dole gumba, umelitoa kwa nani?" Wenzangu wa bendi walikuwa wamekaa pale, nikaona nikimtaja askari magereza anayepiga nyimbo za kanisa baada ya majina makubwa vile, watanicheka. Nikasema, "Hilo ni langu. Nilijifunza mwenyewe."

Jioni hiyo mke wa Afande, Mama Topista, alinipigia. "Tumekusikia, mwanangu. Mzee aliita kwaya nzima ya kanisa letu ije kusikiliza."

"Yeye yuko wapi, Mama?"

"Ameenda shamba."

Ssenga, mvua ilikuwa inanyesha, niliisikia kwenye simu ikipiga mabati.

Sasa nikimpigia Afande anapokea, anauliza hali ya mama, anauliza duka, lakini gitaa halitaji, naye zamani hakuwa na habari nyingine. Wenzangu wanasema kufundishwa ni kitu kimoja na kuvutiwa ni kingine, kwa hiyo sikusema uongo. Hajalalamika. Niliache jambo hili lipoe?

Parag, Jinja

*

Parag,

Wenzako wana maneno mazuri, lakini hayakuhusu. Shallon hakukuuliza nani anakuvutia. Aliuliza pigo umelitoa kwa nani, ukajibu langu. Huo ni uongo, tena uliusema huku ukijua mwenye pigo anasikiliza, maana wewe mwenyewe ulimwambia asikose.

Ninakuelewa. Mtu akikaa mbele ya kipaza sauti hutaka kuonekana mkubwa. Ila huyo mzee alikupa Jumamosi zake za miaka sita, akawaita watu wa kanisa lake waje wasikie matunda yake, wakasikia kwamba hakuna aliyekufundisha. Wakatoka pale wakimtazama. Ulitaka alalamike vipi?

Usimpigie tena simu. Nenda Busiu Jumapili hii, ufike kabla ibada haijaisha, na watu wakitoka omba nafasi useme mbele ya kwaya ileile: pigo ni la Afande, na mimi nilidanganya. Usiende na zawadi. Zawadi itawafanya watu waitazame yenyewe badala ya kukusikiliza. Ukirudi Jinja, rudi kwa Shallon na uyaseme hayo hewani, kwa jina kamili la mzee. Wale watano wabaki kwenye orodha yako, hawana kosa. Ila Herbert awatangulie.

Wenzako wakicheka, waambie walipige hilo pigo, tuwasikie.

Na Afande akikuuliza kwa nini hukumtaja, usithubutu kusema ulisahau. Mwambie uliona aibu. Litamuuma, tena sana, na huenda siku hiyo akakuacha aende shamba. Kaa hapo hapo hata hivyo. Huyo ameshakusikia ukikosea mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na kila Jumamosi alirudi.

Ssenga Nabirye