Kufuli la Mlango wa Nyuma

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena vituko vyake. Meneja wa kiwanda amenipigia simu. Anasema ulivunja kufuli, ukafukuzwa, na bado ukamhubiria habari za Finehasi, yule wa Zaburi aliyesimama akaingilia kati na tauni ikakoma. Ukiomba msamaha atakurudisha kazini. Mwombe, mama. Finehasi alikuwa kuhani, wewe ni mshonaji. Sisi wengine tunamwachia Mungu mwenye huruma.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti, usilipandishe ngazi. Mimi mzima, na msamaha siombi. Mlango wa nyuma, ndio pekee wa chumba chetu cha kushonea, hufungwa tukishaingia, eti tusiibe vitambaa. Siku ile waya uliungua, moshi ukajaa, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Mwenzangu mjamzito alikuwa sakafuni anakohoa. Wote tulimlilia Mungu, ila mimi mkononi nilikuwa na pasi, nikaligonga kufuli mpaka likaachia. Finehasi aliua watu kwa mkuki. Mimi nimeua kufuli.

Wewe ndiye uliyenifundisha mstari ule, baba, na naona tuliusoma juu juu. Huruma ya Mungu ilikuwepo tangu mwanzo. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Jibu lako sikulipenda. Nakuja kwa meneja mwenyewe, nikuombee msamaha, utake usitake. Ubishi huo umeurithi kwa mama yako.

Baba yako

27 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kituo cha polisi. Mimi mzima, hata goti limetulia. Nilifika kiwandani maneno ya msamaha nimeyapanga vizuri. Wakati namngoja meneja, nikazunguka nyuma kuuona huo mlango. Nikakuta kufuli jipya, kubwa, na ndani cherehani zinalia na mtu anakohoa. Meneja alipokuja nilimwomba kwa adabu alifungue. Akacheka. Nami ni mwashi, unajua nyundo haikosekani kwenye mfuko wangu.

Sasa wanataka niombe msamaha. Nimekataa. Afande ameniuliza huyo Finehasi anaishi wapi, nadhani anataka kumkamata naye. Kufuli liko hapa mezani kwake, ni ushahidi, kwa hiyo leo wenzako wanashona mlango ukiwa wazi.

Sikukukuta nyumbani, begi nimeliacha kwa jirani yako. Niletee sweta na miwani. Biblia ninayo, nataka kuusoma tena ule mstari.

Baba yako