Springi za Gari la Baba

Kaka yangu,

Hatujambo, na kuku wako wa madoa ameanza kutaga tena.

Springi za nyuma za gari la marehemu baba, lile la mbio la Kiingereza lenye viti viwili, zimepatikana, tena mpya. Fundi alipofungua zile kuukuu alicheka: "Upande wa abiria umechoka kuliko wa dereva. Kumbe mzee alikuwa na mtu wake."

Mama alikuwa amesimama palepale. Unajua hajawahi kulipanda gari lile.

Springi mpya zilipofungwa gari lilikaa sawa. Halijatoka uani tangu hapo, lakini upande wa abiria umeanza kushuka. Kila asubuhi Mama huchungulia dirishani na kuniuliza polepole, "Bado yumo?"

Usinicheke. Jana nilimjibu yumo.

Dada yako